Anti, hadithi za mizimu nilizosomewa utotoni hazimo kwenye kitabu!

Shikamoo Anti,

Samahani barua yangu itakuwa ndefu na najua kuna watu watacheka, wataona ni tatizo la kitoto, ila limeshanigombanisha na mke wangu na sasa mama mkwe kaingia kati, kwahiyo naomba unishauri kabla halijafika mbali.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, naishi Tabata, nina mke na watoto wawili. Nimekulia Tanga, Ngamiani, mzee alikuwa bandarini na mama mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 94 nikiwa darasa la pili, shuleni kwa mama yaliletwa maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Marekani, vingi havikuwa na maana kwetu, sijui historia ya majimbo yao, sijui namna ya kuoka keki za Krismasi, ila kimoja mama alirudi nacho nyumbani kwasababu walimu wenzake walikikataa, walisema kina picha za kichawi. Kitabu chembamba tu, Scary Stories to Tell in the Dark. Ndani ya jalada kilikuwa na muhuri mwekundu umeandikwa DISCARD na kile kimfuko cha karatasi cha kuwekea kadi ya maktaba, ambacho mimi nilikuwa naficha humo vifuniko vya soda.

Anti hizo picha. Nyeusi na nyeupe tupu, kila kitu kinachuruzika, yaani hata kiti kimechorwa kama kina mizizi inaning'inia, kuna sura ya mwanamke haina macho, mashimo tu, na nywele zimemkaa kama utando wa buibui. Mpaka leo nikifumba macho naiona.

Si unakumbuka enzi zile za mgao. Umeme ukikatika tu mimi na mdogo wangu mbio jikoni kwa Dada (dada wa kazi, alitoka Lushoto huko ndani kabisa, sisi tulikuwa tunamwita Dada basi), anawasha kibatari, anasogeza sufuria ya maharage, anakaa kwenye kibao cha mbuzi halafu anatusomea. Mpaka leo harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na maharage yanayochemka mimi nasisimka mwili. Alikuwa ana staili yake, anatushikia kitabu kitutazame sisi, yeye yuko nyuma yake, uso wake unamulikwa kwa chini, anaanza hadithi hadithi na sisi tunaitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Na kila siku zilikuwa mpya ingawa kitabu kilikuwa kile kile. Yule mwanamke wa macho alikuwa ameenda kisimani usiku bila kumuaga mumewe, kisima kikamwambia niazime macho yako nami nizione nyota mara moja tu, akakiazima, kulipokucha kisima kikakataa kurudisha, ndio maana anapita nyumba hadi nyumba anaomba macho ya kuazima. Ukisikia mlango unakwaruzwa usiku useme haraka "hapa tuna macho mabovu" ataondoka. Mimi hiyo nilikuwa naisema kimoyomoyo mpaka nipo form two, usinicheke. Kulikuwa na nyingine ya mtoto anachimba muhogo, muhogo unaimba, na wimbo wake Dada alikuwa anauimba kwa Kiingereza kitamu hatuelewi hata neno moja.

Siku moja nimerudi shule nakuta hayupo. Mama alisema kwao wamemuita. Kitabu nacho kiliishia kuliwa na mchwa tulivyohama.

Sasa mwaka huu mwanzoni hamu ikanishika, sijui ni umri. Nikamwambia rafiki yangu wa Houston anitafutie, akanitumia kopi ya mkono wa pili, nafungua, jina lile lile, hadithi zile zile, PICHA SIZO! Zimechorwa na mtu mwingine kabisa, nzuri nzuri tu, za kistaarabu, mpaka machozi yalinilenga nikajiona mjinga. Nikamwambia tafuta za zamani kwa gharama yoyote, akapata vyote vitatu, maana kumbe viko vitatu. Jumla na usafiri ilikaribia laki nne na hapa ndipo nilipokosea, nilichukua hela ya mke wangu aliyovunja kikoba nikasema nitairudisha mwisho wa mwezi na sikurudisha.

Vimefika, picha ndizo, nikawa kama mtoto. Usiku nikazima taa makusudi nikawasha tochi ya simu nikamuita binti yangu wa miaka 6 nikamuonyesha yule mwanamke, nikamsomea. Anti alipiga kelele jirani akaja kugonga. Wiki ya tatu hii analala katikati yetu na amerudia kukojoa kitandani. Mke wangu kavifungia vitabu stoo, anasema ni laki nne za mashetani, mama mkwe kaja kutoka Kibaha na ubani, nyumba imesomewa dua, anataka vichomwe.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba nimevisoma vyote vitatu kimya kimya mwanzo hadi mwisho na hadithi zangu HAZIMO. Hakuna kisima, muhogo wala wimbo. Yule mwanamke humo ni mzimu wa msichana aliyeuawa, anamtuma mchungaji akamtafutie muuaji wake. Hadithi zenyewe kurasa mbili tatu, kavu. Nahisi kuna toleo jingine ambalo sijalipata, au nimechanganyikiwa? Na mke wangu nimwambie nini?

Ni mimi, Macho Mabovu, Tabata.

---

Marahaba baba.

Tuanze na hela ili tukimaliza tuzungumze vizuri. Hela ya kikoba ya mwanamke huwa imeshapangiwa kazi kabla haijavunjwa, kuna mtu anaidai au kuna tofali zimeshaagizwa, wewe unaichukua kununulia mizimu halafu mwisho wa mwezi unapita kimya. Mkeo hajakasirikia mashetani, amekasirikia laki nne, mashetani yamekuja kumsaidia tu kusema. Rudisha yote, kwa mkupuo, na usimpe huku unamwambia "haya hela yako hii", mpe uombe radhi. Hiyo haina mjadala na wala sitairudia.

Sasa kitabu. Barua yako ilinikaa kichwani nikaazima kopi kwa kijana mmoja hapa ofisini ambaye naye ni mgonjwa wa mambo hayo hayo, nikakaa nayo jioni nzima, na nikiri nililala na taa ya koridoni inawaka.

Hujachanganyikiwa kuhusu picha. Vitabu ni vitatu kweli, cha kwanza 1981, cha pili 1984, cha tatu 1991. Aliyeandika ni Alvin Schwartz, aliyechora ni Stephen Gammell. Halafu vilipokaribia kutimiza miaka 30 wachapishaji wakavitoa upya na picha za mchoraji mwingine, Brett Helquist, ambaye ni fundi wa haki kabisa, ila watu waliokulia kwenye zile za Gammell walipiga kelele kama wewe, wengine zaidi, mpaka baadaye zile za zamani zikarudishwa sokoni. Kwahiyo kopi yako ya kwanza ilikuwa ya kipindi hicho cha katikati. Machozi yako usiyaonee aibu, umelia na nusu ya Marekani. Na huyo Gammell mwenye mizizi inayoning'inia, mwaka 1989 alipewa nishani ya Caldecott, ambayo kule ndiyo heshima kubwa kwa mchoraji wa vitabu vya watoto, unajua kwa kitabu gani? Cha babu anayewachezea wajukuu zake ngoma za ujana wake darini. Mkono ule ule uliochora lile limama lisilo na macho. Mwambie mama mkwe hiyo, japo sidhani kama itasaidia.

Na kuhusu mama mkwe, wala hayuko peke yake. Chama cha maktaba cha Marekani kiliweka orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi na wazazi kati ya 1990 na 1999, na hivi vyako vilikuwa namba moja. Namba moja! Wazazi wanakwenda shuleni wanasema toeni hiki, wanangu hawalali. Wewe mwaka 94 unapata kopi yenye muhuri wa kutupwa. Sisemi ndio sababu, maktaba zinatupa vitabu kwa mambo mengi, kuchakaa, nafasi, lakini mimi nimependa kufikiria kuna mama mmoja huko alikifukuza akadhani amemaliza kazi, kumbe kimepanda meli kimekuja Tanga, walimu wa Tanga nao wakakikataa, kikaishia jikoni kwenu karibu na maharage.

Haya, hadithi zako ziko wapi. Hapa nataka usome taratibu maana naona jibu ulishaliandika mwenyewe kwenye barua na ukalipita.

Umesema Dada alikuwa anawashikia kitabu kiwatazame nyinyi, yeye yuko nyuma yake. Baba, mtu aliyekaa nyuma ya kitabu anasoma nini? Jalada? Hapo alikuwa anawaona nyinyi, sio maandishi. Umesema hadithi zilikuwa mpya kila siku na kitabu kile kile. Umesema zinaanza na hadithi njoo uongo njoo, kwenye kitabu cha Mmarekani! Muhogo. Kisima. Mume asiyeagwa. Na huo wimbo wa "Kiingereza kitamu" usioelewa hata neno moja, mtoto wa mwalimu hata kama Kiingereza hukijui huwa unakitambua sauti yake, ungesikia hata "and" moja. Wewe ulichokuwa unaimbiwa ni Kisambaa.

Dada hakuwa anasoma. Inawezekana Kiingereza hakukijua kabisa, binti ametoka ndani ya Lushoto kuja kuwapikia, tusidanganyane. Alikuwa anaangalia picha mchana akiosha vyombo, usiku anazitafutia hadithi, na hadithi alikuwa nazo, milima ile imejaa. Kuna moja humo kwenye kitabu cha kwanza, mtu anapiga simu anasema anakuja, anajiita "viper", yaani nyoka, anakaribia, anakaribia, kumbe ni "wiper", fundi wa kufuta madirisha, na utani wote umekaa kwenye herufi moja ya Kiingereza kinachotamkwa kwa lafudhi ya Kijerumani. Niambie angewasomeaje hiyo. Mimi nimejaribu kuitafsiri kwa mjukuu wangu akaniuliza "kwahiyo bibi?"

Na ukitaka kujua kwanini ilimuwia rahisi, angalia tena zile picha. Gammell mara nyingi hachori kilichoandikwa tu. Hadithi inasema hiki, picha inaonyesha kitu kingine ambacho hakijatajwa popote, moshi, kichwa, nyumba inayoyeyuka. Maandishi yenyewe umeyaona, kavu kama ulivyosema, na ni kavu kwa makusudi maana Schwartz alikuwa anakusanya hadithi za watu, zile za mdomoni, mwisho wa kitabu ameorodhesha kabisa kila moja ameitoa wapi. Ile ya kwanza kabisa, ya kidole gumba cha mguu kilichochimbwa bustanini kikaliwa na supu, anakupa na maelekezo, ukifika mwisho mrukie aliye karibu nawe umpigie kelele. Hata jina la kitabu linasema ni za kusimulia gizani. Yaani kati ya wote walioshika kopi ile, mkutubi wa huko, walimu wa shule ya mama, mama mwenyewe, na wewe mwenye laki nne, aliyekitumia kama jalada linavyosema ni Dada peke yake. (Na hicho kidole kwenye bustani, unaona kinavyofanana na muhogo? Mimi nilipoiona ile picha nilicheka peke yangu.)

Sisi enzi zetu tulikuwa tunapigania jarida la Sani, mwenye hela moja ananunua, kumi tunasoma, na kaka yangu aliyekuwa anatusomea alikuwa anaongeza maneno yake kwenye midomo ya kina Ndumilakuwili. Nilikuja kugundua nikiwa mtu mzima. Nilikasirika siku nzima! Kwahiyo nakuelewa ukisema umeibiwa. Ila wewe hujaibiwa, wewe umeagiza Houston kitu kilichokuwa Lushoto.

Kwa binti yako umeharibu na linarekebishika. Fikiria wewe ulipewa nini na yeye umempa nini. Wewe ulionyeshwa yule mwanamke ukiwa na mdogo wako pembeni, sufuria inatokota, Dada anawatazama usoni akiona mmezidiwa anaweka kichekesho, na zaidi ya yote ulipewa dawa: hapa tuna macho mabovu. Mzimu ulikuwa na sheria, ukisema neno unaondoka. Binti yako umemuita usiku, umezima taa, umemulika sura ile kwa tochi ya simu, na ukamsomea habari ya mchungaji na mzimu wa msichana aliyeuawa. Umempa mzimu bila dawa. Atalalaje?

Kwahiyo mchana, mchana nakwambia, jikoni, mama yake akiwepo, msimulie ile ya kisima. Usilete kitabu. Mwambie yule mama uliyemuonyesha hakuwa mbaya, alikiazima kisima macho yake, anachotaka ni kuazimwa tu, na sisi kwenye nyumba hii tuna maneno ya kumjibu. Afu mwache ayaseme yeye, kwa kelele, mara nyingi anavyotaka, hata akiyageuza, maana watoto wa siku hizi atakwambia hapa tuna miwani. Muache. Usiku akiamka msimuulize umeota nini, mkumbusheni neno. Na taa ndogo iwake, godoro liwekwe nailoni bila maneno ya "mtu mzima wewe". Mkiona mwezi umekatika bado anakojoa, mpelekeni akaonwe na daktari, msibaki na ubani peke yake. Ubani wenyewe siukatai, unanukia vizuri na bibi kasafiri kutoka Kibaha kwa mapenzi, umshukuru.

Vitabu msichome. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba umevitoa ndani, na uvitoe kweli, peleka ofisini kwako vikae kwenye droo mpaka huyo mtoto afike kumi, kumi na moja, umri ambao ataviiba mwenyewe. Mke wako ukimaliza kumlipa mwambie habari ya Dada. Usimwambie habari ya mchoraji na matoleo, hiyo haimhusu, mwambie habari ya msichana aliyekuwa anapika kwenu na kukaa nyuma ya kitabu. Nadhani atakusikiliza.

Imebaki moja ambayo hukuniuliza. Hujanitajia jina lake. Barua yote hiyo, umenitajia Houston, Ngamiani, hadi rangi ya muhuri, na mtu mwenyewe ni "Dada basi". Wakati ule alikuwa na miaka mingapi, kumi na nne, kumi na sita? Basi sasa hata hamsini hajafika au ndio anaingia, yupo, yawezekana ana wajukuu anaowaimbia huo wimbo. Mama yako kama yupo hai mpigie leo umuulize jina, kijiji, na nani alimleta, maana hawa mabinti huwa wanaletwa na mtu, shangazi, jirani, muuza mboga, kuna kamba ya kufuata. Basi za Lushoto zipo kila siku.

Na ukimpata usitangulize kitabu. Anza na shikamoo, mbebee sukari na kitenge, kaa chini, subiri chai. Halafu muulize ile siku ulirudi shule ukamkuta hayupo aliondokaje, na kama mama yako alimlipa mshahara wake wote.